Barua za Waziri kwa Wakili Wake

Wakili alipofariki, mjane wake aliniita nimpangie makaratasi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimjalidia marehemu vitabu vyake vya sheria, na kila nilichojalidi nilikisoma kabla ya kukirudisha. Shule niliiacha mapema. Elimu yangu kubwa ilitoka humo.

Mjane alikuwa katika eda. Yeye alikaa chumba cha ndani, mimi sebuleni, tukizungumza kupitia pazia. Kabatini mlikuwa na majalada ya wenye maduka, ya familia zilizogombania nyumba za urithi hapa Mji wa Kale, na fungu moja nene la mtu aliyewahi kuwa waziri, ambaye hata leo akipita watu husimama kumwamkia. Alikuwa akimwandikia wakili wake kwa mkono. Marehemu aliweka kila barua pamoja na nakala ya jibu lake.

Nilipomaliza kuzipanga, alikuja mwana wa marehemu, mhadhiri wa chuo kikuu. Alikuwa akiandika kitabu juu ya siasa za pwani na alitaka fungu lile.

"Mama, hizi si barua tu. Ni historia yetu."

"Aliyeziandika alimwandikia babako," sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Wewe hakukuandikia."

"Baba amekwishakufa."

"Na mwenye siri yu hai. Babako aliniambia kitandani, za huyu zisitoke nyumba hii, zichomwe. Au nikamwambie huko niendako kwamba mwanawe alikuwa na haraka ya kitabu?"

"Basi nizisome tu, hapa hapa."

"Huko ndiko kutoka kwenyewe."

Alilichukua fungu akasimama nalo. Mlango ulikuwa wazi. Mama asingeweza kumfuata nje, nami sikuwa na haki ya kumzuia. Sote watatu tulilijua hilo.

Kisha akaliweka mezani.

"Zina jina la Mungu?" mama aliuliza.

"Kila moja, juu kabisa," nilimjibu. Waziri hakuanza barua bila Bismillahi.

"Basi likateni kwanza. Jina la Mola halitiwi motoni."

Tuliketi tukakata, mhadhiri kwa makasi, mimi kwa kisu changu cha kazi. Mara ya kwanza macho yake yaliteremka kwenye mistari ya chini. Aliacha, akaikunja karatasi ili ubaki ukingo wa juu tu, na zote zilizofuata alizikunja hivyo kabla ya kukata. Vipande vyenye Bismillahi tulivifunga katika kitambaa cheupe vikazikwe makaburini. Zilizobaki, pamoja na majibu ya babake, alizichoma mwenyewe uani, katika seredani ya mkaa.

Aliporudi alikuwa na majivu mikononi.

"Zimekwisha, mama."

"Mungu akuweke. Na wewe, fundi, uliyezisoma? Tukufanyeje wewe? Seredanini hutoshi."

Mhadhiri aliinua uso akanitazama. Ni kweli nilikuwa nimezisoma. Nyingi hazikuwa na tarehe, na bila kuzisoma nisingejua ipi ilitangulia.

"Nilizisoma, bibi. Wasia wa marehemu na mimi umenifunga."

Alicheka kidogo, akaniombea dua.

Mwanawe alinisindikiza hadi nje. Pale kibarazani akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini:

"Hata moja hutanisimulia, fundi?"

"Hata moja."

Aliuachia mkono wangu, akanipa salamu, akarudi kwa mamake.