Josho la Shimo la Saba

Iko siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimepewa kazi yangu ya kwanza kubwa: kuchora uwanja wa gofu kwenye shamba la zamani la mlowezi, karibu na Gilgil. Kichwa kilikuwa kimevimba! Nilikuwa na kitabu cha mashimo maarufu ya Uskoti (kwenye gofu, shimo ni njia nzima ya mpira, tangu unapopigwa hadi kishimoni), na shimo la saba nililinakili futi kwa futi. Mahali pale palikuwa na josho, ule mfereji wa kuogeshea ng'ombe dawa. Nikaamuru lifukiwe.

Shosho Nyambura, aliyekamua ng'ombe wa shamba hilo tangu usichana wake, akaja kusimama mbele ya tingatinga.

"Boss, hiyo josho ilichimbwa na baba yangu na jembe. Na hapo unapanda nyasi yako, mvua ikinyesha itapasuka. Umetembea hapa mara ngapi?"

"Shosho, mimi nimesomea hii kazi," nikamjibu. Aibu gani hiyo! Mama wa rika la nyanya yangu.

Masika yakaja. Udongo wetu wa huku ni majivu ya volkano, ukilowa hufunguka. Asubuhi moja nilikuta ufa umemeza nusu ya grini, ile nyasi laini yenye kishimo cha mpira. Mwenye uwanja hakupiga kelele. Alisema tu kwamba shimo la saba lisipokuwa tayari siku ya kufungua, atatafuta mtu mwingine.

Nilimwendea Shosho nyumbani nikaomba msamaha. Alinicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanionyesha njia waliyopitishia ng'ombe. "Hapa tulipita na mvua miaka yote. Haijawahi pasuka."

Basi tukalipitisha shimo kwenye njia ile. Josho nikalifukua, nikatia mchanga liwe mtego wa mipira, grini nikailaza nyuma yake kwa mshazari, vile Waskoti walivyopenda kumtega mchezaji. Kitabu nilipokisoma tena nikaona nilichoruka: wazee wale nao walifuata njia za kondoo wao.

Siku ya kufungua, mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Hakuna ufa hata mmoja! Bingwa kutoka Nairobi akapiga mpira wake, pu! ndani ya josho. Akautoa, ukarudi. Mara ya tatu akaangua kicheko, akanishika mkono. "Shimo kama hili sijaliona popote." Wacha nikwambie, nilitamani kuruka juu kama mtoto.

Shosho alikuwa kiti cha mbele, kando ya josho, karibu na kibao nilichoandika jina la babake. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Baba alichimba hapo akitukanwa na mzungu. Leo wakubwa wanaingia wakiwa wameinama, na wanasoma jina yake kwanza."

Mwanangu, soma vitabu vya watu, uzipende kazi zao kama ninavyozipenda hadi leo. Lakini kabla hujachora mstari, mtafute aliyeitolea ardhi ile jasho, umuulize, na umsikilize mpaka amalize. Mungu aibariki mikono yako, akupe kazi ya kujivunia, na asikunyime watu wa kukurudi ukikosea.