Hakuna Aliyemuuliza

Pareto iliungua katika banda la kukaushia, kwenye shamba la mzungu juu ya Molo, na aliyeiunguza ni mimi. Maua mabichi hukaushwa kwa moto mdogo, polepole. Mimi niliongeza makaa ili nimalize mapema, nionekane hodari kuliko nyapara. Trei sita zikawa rangi ya tumbaku.

Bwana alipouliza, nilinyamaza. Akamlaumu nyapara, mzee aliyenifundisha kazi yenyewe, akamwamuru ahame Jumatatu na watu wake. Ufunguo wa banda nikapewa mimi, na cheo chake.

Niliutaka. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami niliacha shule darasa la tatu ili nimlee mdogo wangu wa kike. Yeye alikuwa anamaliza la nne. Bila mshahara wa cheo kile, la tano asingeliona.

Jumapili aliniletea daftari. Mwalimu wao alikuwa ametunga mchezo: mtu amemsukuma kaka yake kisimani ili arithi kigoda cha utawala, na sasa amebaki na kigoda peke yake. Maneno ya mtu huyo alipewa mdogo wangu.

"Nishikie daftari, kaka. Nikikosea, nipige kofi."

"Nikikupiga, nani atapika?"

Akacheka, kisha akakigeukia kigoda chetu cha jikoni.

"Mbona wanitazama, kigoda? Nani amesema nilikuwa kisimani? Mikono yangu mikavu. Mikavu, nasema. Mikavu!"

Nilimwambia neno moja mara tatu ni kupoteza pumzi.

"Wapi! Mwalimu anasema mwenye ukweli husema mara moja, ikatosha. Tena anaongea na kigoda kwa sababu watu anawaogopa. Na habari za kisima hakuna aliyemuuliza, kaka. Mbona anajibu?"

Tangu Ijumaa nilikuwa nimewaambia wachumaji, mwenye duka, hata mke wa nyapara, kwamba mimi niliweka makaa debe moja tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

"Sasa soma wewe."

Nilisoma nikifuata kwa kidole. Kwenye "mikavu" ya pili kidole kilisimama. Ufunguo ulining'inia msumarini, nyuma ya kichwa chake.

"Wee! Unasoma kama umeua mtu kweli."

Sikucheka. Naye akaacha kucheka.

"Kwani umefanya nini?"

Nikamwambia. Alifunga daftari taratibu.

"Yule mzee ndiye aliyetuchimbia kaburi la mama," akasema.

Jumatatu, kengele ya kuitwa majina ilipolia, kuku na vyungu vya nyapara vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari la ng'ombe. Nikatoka mstarini.

"Niliyeunguza pareto ni mimi."

Nilisema mara moja. Bwana akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, nikarudishwa kwenye jembe. Mzee alishusha kuku wake bila kunitazama.

Mdogo wangu alicheza mchezo ule mwisho wa muhula, kisha akaja kuchuma pareto, mistari miwili kutoka kwangu. Kama ananilaumu, sikumuuliza.