Mtumbwi Ulioitwa Sufuria

Wifi yangu Nusura alikuwa na mdomo mkali kuliko kisu cha kuparia samaki. Siku niliyoingizwa nyumbani kwao Kisenyi, hina bado mbichi mikononi, alinitazama juu mpaka chini, kisha akamgeukia mdogo wake Bashir, aliyekuwa ndiyo kwanza amenioa. "Huyu umemuoa au umemwazima?" akasema. "Mikono laini hivi itapara ngege kweli?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba nitapara sana, ilimradi wifi anipishe jikoni. Tangu hapo tukapendana kimawifi, maneno yakiruka juu ya vyungu kutwa nzima.

Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na akikosea hakubali. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: nyumba ile ilisimama kwa nguvu zake. Baba yao alipokufa, Bashir alikuwa bado hajaweza kuongoza watu ziwani, kwa hiyo mzee alimwachia Nusura mtumbwi. Haukuwa mtumbwi wa mchezo. Ulikuwa wa mbao nene, wa makasia sita na injini, umeandikwa Tawakali ubavuni, na pale Gaba ulipokuwa ukiegeshwa hakuna asiyeujua. Bashir ndiye aliyekuwa nahodha, Nusura ndiye aliyekuwa mwenye mali.

Na huyo mwenye mali hakuwahi kuukanyaga hata mara moja. Wavuvi wa Gaba wanasema mguu wa mwanamke ukiingia mtumbwini, samaki wanahama. Mimi nilimwambia huo ni uongo wa wanaume wanaotaka mahali pa kuwakimbia wake zao. Nusura alicheka, lakini miiko aliishika. Alisimama mchangani, kanga imefungwa kiunoni, akitoa amri kutoka hapo: ubao ule umeoza, ule ubavu unavuja, nani amefunga kamba kama amefunga mbuzi? Samaki wakishuka, sisi wawili tulibeba makapu mpaka sokoni Kisenyi. Kichwa cha ngege, sato wa ziwa letu, aliye mkubwa kuliko wote kilikuwa cha Bashir kila siku. Hapo hakuna aliyebishana, hata dada yake.

Halafu ikaja ile miaka ya askari, tukaanza kupungua. Sijui neno jingine la kusema. Kwanza askari walikuja kuazima injini. Waliazima kama walivyoazima magari ya watu na wake za watu, na hatukuiona tena. Kisha wapiga makasia. Wawili walienda kuvusha kahawa ya magendo kwenda Kenya, maana kahawa wakati ule ilikuwa dhahabu. Otema, aliyekuwa bora kuliko wote, aliondoka asubuhi moja kurudi kwao kaskazini bila kuaga. Watu wa kabila lake walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao, na hatukumlaumu. Mwisho Tawakali wenyewe ukaanza kuvuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Na ufa uzibwe na nini, wakati mjini hakuna misumari, hakuna lami, hata chumvi watu wanapanga foleni?

Nasser ndiye aliyetuletea shauri. Nasser alikuwa mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, watu waliogawiwa maduka ya Wahindi walipofukuzwa. Duka alilopewa lilikuwa la kitambaa, na nyuma yake alikuta kimtumbwi cha alumini ambacho Mhindi yule alikitumia Jumapili kuvulia samaki kwa ndoana, kwa kujifurahisha tu. Nasser akasema tubadilishane: yeye achukue Tawakali, sisi tuchukue kile. Yeye alikuwa na misumari. Yeye alikuwa na marafiki wenye vyeo. Tulijua Tawakali ungebeba nini, na hatukuuliza.

Siku tuliyokipokea, watoto wa Gaba walikizunguka wakicheka. Kilikuwa kidogo, cheupe, kinang'aa, wanaume wawili wanakibeba kichwani. "Sufuria!" mtu akapiga kelele, na jina likashika. Nusura, ambaye hakuwahi kuachwa nyuma kwenye utani, akasema afadhali, samaki atavuliwa na kupikwa humohumo. Mimi nilimtazama mume wangu. Alikuwa mtu wa kuamrisha wanaume sita, sasa anakaa peke yake kwenye bati, magoti yamegusa kidevu. Hakucheka. Nilitamani kumfunika na kanga yangu watu wasimwone.

Sufuria ilikuwa na ugonjwa mmoja: kelele. Ngege hukaa karibu na mafunjo, na ili umpate unazungusha wavu polepole, kimya kabisa, mpaka uufunge. Ndipo unapiga maji kwa mti ili akimbilie ndani. Mtumbwi wa mbao unanyamaza. Sufuria, kasia likiigusa, ngwaa! Kisigino, ngwaa! Jiwe la wavu likiponyoka, ziwa zima linajua Bashir amefika. Samaki waliondoka kabla wavu haujafungwa. Kwa majuma kadhaa alirudi na samaki wa kutosha paka tu.

Nusura ndiye aliyepata dawa. Aliipata jikoni, mahali alipopatia akili zake zote. Sufuria ikipiga kelele sakafuni unaiwekea gunia chini, sivyo? Akaenda kwa Nasser, akaomba magunia matupu, akapewa. Yalikuwa ya kahawa, mazito, yenye herufi za kijani. Ya kahawa ndiyo yaliyokuwa imara. Kisenyi nzima tuliyatumia: ya kufutia miguu mlangoni, ya kulalia mgeni, ya kufunikia kuni. Akachukua shazia, ile sindano nene ya magunia, akakaa mchangani kando ya Sufuria, akapima kwa macho bila kuingia, akakata, akashona mpaka vidole vikatoka malengelenge. Bashir akayatandika ndani, akayalowesha maji. Akapiga kwa kasia. Du. Akapiga tena. Du. Akamtazama dada yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tubadilishane.

Tukarudi kuwa watu. Ngege walijaa. Kichwa kikarudi sahanini kwa mwenyewe. Mimi nilianza hata kumtania kwamba mtumbwi mdogo unamfaa, amekuwa kijana tena.

Nitasema jambo hili waziwazi, maana watu wameniuliza mara nyingi kama hatukujua. Tulijua kwamba askari wa doria walikuwa ziwani wakitafuta kahawa. Tulijua kwamba aliyekutwa nayo harudi. Lakini gunia kwetu lilikuwa zulia. Nusura alipokuwa akishona aliwaza samaki. Hakuwaza watu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumesimama Gaba na makapu yetu. Tukasikia mashua ya injini. Ilikuwa ya askari, na nyuma yake ilikuwa ikiivuta Sufuria kwa kamba. Bashir alikuwa amekaa ndani, mikono imefungwa mgongoni. Wavuvi wote waliokuwa ufukweni wakageukia nyavu zao, ghafla kila mmoja akawa na kazi ya kushona.

Koplo akashuka, gunia linachuruzika mkononi. "Hii kitu ya nani?"

"Ya kwangu, afande," Nusura akasema. "Mtumbwi ni wangu. Magunia nimeshona mimi."

"Kahawa iko wapi?"

"Hakuna kahawa, afande. Ni gunia tupu."

Koplo akapekua kwenye mishono kwa kidole chake, akatoa punje tatu au nne za kahawa zilizokuwa zimenasa tangu magunia yalipokuwa kwa Nasser. Akamwonyesha kwenye kiganja. "Hii nini? Hii ni maharagwe?"

Nusura hakupandisha sauti, yeye aliyezoea kumfokea hata sheikh. Alieleza polepole, kama anavyomweleza mteja anayebishia bei. Chombo hiki kinapiga kelele, afande, samaki wanakimbia, ndiyo maana nikatandika. Ukitaka kujua, piga. Toa gunia, piga.

Koplo akatoa gunia, akapiga kwa kitako cha bunduki. Ngwaaa! Ndege wakaruka kutoka kwenye mafunjo. Akarudisha gunia, akapiga. Du. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amesikia. Kila mtu pale alisikia. Ushahidi gani mwingine mtu angetaka?

Wale askari wakaangua kicheko. "Mama nafundisha sisi ngoma," mmoja akasema. Koplo naye akacheka, akafuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema Bashir apakiwe kwenye lori lao.

Nusura alimfuata koplo mpaka kwenye lori. "Nichukueni mimi. Nimeshona mimi, afande, si yeye. Mikono yangu hii, itazame." Alimnyooshea vidole vyenye alama za shazia. Koplo akamsukuma kwa kiwiko, si kwa hasira, kama mtu anavyosogeza kiti. Bashir alikuwa ameshapandishwa. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Mwanawetu," akasema, kama alivyozoea kuniita, "nyavu ziko majini bado. Mwambie mtu akazitoe."

Hayo ndiyo maneno niliyoachiwa. Nilimwambia kila mvuvi pale. Hakuna aliyethubutu kwenda, na nyavu zikaozea huko.

Tulienda kwenye geti la kambi. Tukaambiwa mtu huyo hayupo, na tukirudi kuuliza hata sisi hatutakuwepo. Tukaenda kwa Nasser, ambaye Tawakali wake ulikuwa ukivuka ziwa kila wiki umelala chini kwa uzito, na askari wakiupungia mkono. Alizungumza nasi akiwa dirishani. Alisema yeye hajui habari za kahawa. Nusura, ambaye zamani angemvua nguo kwa maneno, alisema tu, "Sawa, ndugu yangu," akanishika mkono tukarudi. Njiani nilimwambia amjibu, arudi amtukane, afanye kitu. Alisema, "Nimjibu nini, wifi? Ana misumari." Nilimkasirikia. Sikujua bado kwamba sikubakiwa na mtu wa karibu wa kumkasirikia ila yeye.

Nikaenda kwa sheikh kuuliza kama nikae eda. Akaniuliza kama kuna maiti. Hakuna. Kama kuna aliyemwona amekufa. Hakuna. "Basi subiri, binti yangu," akasema. Nikawa si mke, si mjane. Nguo nyeupe sikuvaa, hina sikupaka.

Sufuria nayo walibaki nayo askari. Magunia waliyachoma, na wakaanza kuvua kwa ajili ya kambi yao. Nusura alikuwa bado akienda Gaba kununua samaki wa wengine, atembeze rejareja, na mimi nilimfuata kwa sababu kukaa nyumbani kulinishinda. Kutoka ufukweni tuliisikia. Ngwaa, kule upande wa mafunjo. Ngwaa. Nilichukia ile sauti, na siku isipokuwepo niliitafuta. Ilikuwa inasema ukweli wetu, asubuhi kwa asubuhi, kwa ziwa zima. Na walikuwa wakirudi mikono mitupu. Nilimwona Nusura akitazama makapu yao, na kitu kidogo kikitulia usoni mwake.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku koplo alipokuja kutusimamia mbele. Nilidhani wametufuata na sisi. Alikuwa amebeba kwapani magunia mawili mapya, harufu ya kahawa inatoka.

"Mama," akasema, "hii sufuria nafukuza samaki. Kila siku nafukuza." Akajikuna shingo. "Kumbe wewe ilisema kweli."

Nilimsubiri Nusura apige kelele. Nilimtaka apige kelele. Alisema, "Ndugu yangu yuko wapi?"

"Shona, mama."

"Nitashona, afande. Nauliza tu. Huyu ni mkewe. Anataka kujua akae vipi."

Koplo akatazama ziwa. "Mambo ya zamani hiyo," akasema. "Ingia, shona vizuri."

Nusura akasema wanawake hawaingii mtumbwini. Koplo akamwamuru tena, mara hii mkono ukiwa kwenye mkanda wake. Nusura akavua ndala. Nilimshika mkono akaingia, na Sufuria ikalia chini ya mguu wake, ngwaa. Alikanyaga kwa nguvu, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akazunguka pembe zote. Nilijua anachoomba. Mimi niliyekuwa nikiucheka mwiko ule, siku hiyo niliomba nao uwe kweli, samaki wahame Gaba wasirudi maisha.

Akakaa pale alipokuwa akikaa Bashir, akatoa shazia, akashona. Alishona vizuri. Hakujua kushona vibaya. Jioni Sufuria ilisukumwa majini, ikaenda kwenye mafunjo, na mimi nilitega sikio mpaka giza likaingia. Hatukusikia kitu.

Siku ya pili koplo alikuja na ngege mmoja, mkubwa, bado anatikisa mkia. "Zawadi," akasema, akiwa na furaha ya kweli usoni.

Nusura akampokea yule samaki kwa mikono miwili na kusema asante, afande. Nyumbani hatukuwa na kitu tangu jana yake. Nilisema mimi sitamla. Wifi yangu hakubishana, hakunitania. Alichukua kisu akanipa, nami nikampara samaki, maana nilishajua kupara. Tulimpika, tukamla mpaka mifupa. Kichwa kikabaki sahanini katikati yetu, na hakuna aliyejua pa kukiweka.