Samaki wangu amenirudishia mahari

Leo nimeponzwa na mdomo wangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimlilia baba mkwe mtarajiwa, kule Vugiri, kwamba sina kitu. Mzee akanihurumia, akanipunguzia mahari ng'ombe wawili.

Leo kaja Korogwe kupaona kwangu. Akamwona koi, samaki wangu wa mapambo, kwenye bwawa langu la uani.

Si ningenyamaza?

"Mzee, huyu ni dume la mbegu! Babu yake bingwa wa maonyesho Japani, vifaranga vyake vinagombaniwa. Huyu ni ng'ombe wawili kabisa!"

Mzee akainama, akamtazama sana.

"Kumbe ng'ombe wetu wanaogelea huku."

Jamani, samaki mwenyewe nilimnunua kwa bei ya jogoo!

Sasa nitoe ng'ombe, au nimwambie anamwoza binti yake kwa mwongo? Nishaurini haraka, anamalizia chai.