Kamera ya Bei ya Dume Mmoja

Mjomba wangu ni manju, yaani yeye ndiye anayetunga nyimbo za kundi lake la ngoma na kuliongoza uwanjani. Ana watoto Mwanza, wakubwa wenye kazi zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akicheza tangu wapate akili. Walipokuwa wadogo walibebwa mgongoni wakalala, walipokua wakaenda shule za bweni, kisha mjini, na mjini ni mjini. Mwaka huo magoti yake yalianza kumgomea, akatangaza kwamba shindano la baada ya mavuno ya pamba lingekuwa la mwisho kwake. Halafu akanipigia simu.

"Mayu," alisema, maana huku kwetu hata mpwa wa kike huitwa mama, "nataka wale watoto wanione. Wanadhani baba yao ni mzee wa kuomba hela ya dawa tu."

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bariadi, na katika ukoo wetu mwalimu ndiye mtaalamu wa kila kitu chenye waya. Tulikuwa tumeshajaribu simu yangu. Ngoma zilisikika kama mabati yanayodondoka kutoka kwenye lori, na mjomba mwenyewe akaonekana kwa mbali, mdogo, mweusi, anarukaruka. Alitazama akauliza, "Huyu mdudu ni nani?"

Sharti lake lilikuwa moja: kamera isizidi bei ya ng'ombe dume mmoja. Si dume wa maonyesho, dume wa kawaida wa kulimia. Nikaanza kusoma mtandaoni, nikakutana na vijana wanaojua kila kitu, wakanishauri kamera ambayo kwa bei yake ningepata zizi zima na mchungaji juu. Hasira zangu ni za karibu, niliwatukana peke yangu sebuleni. Lakini kidogo kidogo nikaelewa kwamba anayerekodi muziki anunue masikio kwanza, macho baadaye. Kamera iwe na tundu la kuchomeka maikrofoni, na iwe na namna ya kupunguza sauti inayoingia ili ngoma zisipasuke. Ivute picha kwa lenzi yake, si kwa kuikuza mpaka iwe ukungu. Na isiwe zile za picha mnato ambazo hukata video zenyewe baada ya nusu saa, kwa sababu nusu saa kwa mjomba ni salamu tu.

Tulikwenda kwa mwenye studio mmoja mjini, Mtanga aliyemfuata mkewe aliyepangiwa kazi huku. Alikuwa akiuza vifaa vilivyotumika.

"Karibuni, karibu mzee wangu, jisikie uko nyumbani," alisema, akatupangia kamera tatu juu ya meza.

Mjomba hakugusa hata moja. Alizunguka meza kwa nyuma, kwa sababu mnadani ng'ombe huanza kutazamwa nyuma.

"Hii imetoka wapi?"

"Dubai, mzee."

"Mbali. Itazoea vumbi letu?"

"Itazoea, inshallah."

"Mwenyewe wa kwanza aliiuzia nini?"

"Alihamishwa kikazi."

"Mtu anayehama," mjomba alisema, "huhama na ng'ombe wake mzuri."

Mtanga akainua ile kubwa inayong'aa, akasifu kioo chake, uzito wake, jina lake, mpaka jasho likamtoka.

"Chema chajiuza," mjomba alimkatiza. "Hii mbona unaisaidia sana?"

Kisha akasema kwamba ng'ombe wa jembe hanunuliwi kwa macho, anafungwa jembe kwanza. Aliomba ndoo ya plastiki, akaipindua, akaanza kuipiga na kuimba humo humo dukani kwa sauti ya uwanjani, Mtanga akimrekodi kwa kamera moja baada ya nyingine. Bodaboda zikasimama. Muuza nyanya akaacha nyanya zake. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la kupigia picha, lililochorwa maporomoko ya maji, nikiomba asipite mwanafunzi wangu yeyote. Walikuwepo watatu.

Rekodi ya ile inayong'aa ilipochezwa, sauti ilichanika kama ya simu yangu. Ya pili ilijikata mjomba akiwa bado anataja majina ya babu zake. Ya tatu ilikuwa kijivu, imekwaruzika ubavuni, haina sura. Nikakizungusha kigurudumu chake cha sauti, nikachomeka maikrofoni, mjomba akapiga tena, na kila pigo la ndoo likatoka peke yake, safi.

"Huyu ndiye," mjomba alisema. "Mbaya wa sura, lakini anavuta."

Walipatana kwa dume mmoja, na mjomba akadai kamba yake kama mnadani, akapewa mkanda wa kuvalia shingoni. Tukatoka wote tunacheka, na Mtanga akatusindikiza mpaka barabarani.

Shindano lilikuwa upande wa Sola. Kwetu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake, na jaji ni watu wenyewe. Watazamaji huenda wanakopenda, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana kila manju humshuku mwenzake kwamba ametumia dawa ya mvuto. Haya niliyajua tangu utoto. Lakini mimi, mwalimu mzima mwenye shahada, nikasimika kamera yangu kwenye miguu yake mitatu upande wa mjomba na kuinua maikrofoni juu ya fimbo ndefu, kabla hata ngoma hazijapata moto.

Uwanja wote ukahamia kwetu. Akina mama walifunga upya vilemba, wanaume wakanyoosha kofia, na mzee mmoja akamleta mbuzi wake apigwe naye picha. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyemtazama mjomba. Wote walikuwa wamempa mgongo, wanatabasamu kwenye lenzi. Nilipayuka, "Geukeni huko!" Wakanipungia mikono.

Manju wa upande wa pili akaja na chatu wake shingoni, jambo ambalo humfanya mtu asikilizwe.

"Mayu," aliniambia kwa upole, "hiyo dawa yenu ina miguu mitatu."

"Hiyo siyo dawa, baba. Ni kamera."

"Inavuta watu, haivuti?"

"Inavuta."

"Basi."

Wazee wasimamizi walikaa pembeni wakajadiliana, wakaamua kamera iwekwe katikati ya uwanja, itazame patupu, isiwe ya mtu. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Mjomba hakubisha. Alikuwa akiitazama ile migongo. Akaja, akaivua kanga yangu begani, akaifunika kamera na kuifunga kwa kamba, kama mtu anayefunika chungu.

"Tuanze upya," alisema. "Wakija, waje kwangu."

"Mjomba, watoto hawatakuona!"

"Wakiniona nashinda kwa wizi, watakuwa wamemwona nani?"

Nilikasirika kiasi cha kutaka kulia. Watu walipoona lenzi imefungwa macho waliondoka, wengi wao, wakamfuata chatu. Mjomba akabaki na wapiga ngoma wake, wake za wapiga ngoma, na yule mzee wa mbuzi. Akaanza kuimba. Alitunga palepale wimbo wa magoti yake mawili yanayogombana nani atangulie kaburini, kisha akaniingiza na mimi, mpwa aliyesoma mpaka akanunua mganga wa Dubai. Mzee wa mbuzi alicheka mpaka akakaa chini. Wawili watatu wakageuka kusikiliza. Kisha kumi, kisha sikuweza tena kuona upande wa pili kwa vumbi. Mjomba aliruka na magoti yale yale, na nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda. Jua lilipozama, manju mwenzake alikuwa amebaki na wapiga ngoma wake na chatu.

Krismasi watoto walikuja kutoka Mwanza. Mjomba akaniamuru nilete kamera, akataka ichomekwe kwenye televisheni kubwa waliyomletea. Nilimwambia hakuna picha yake, kuna sauti tu. Akasema anajua. Kwa hasira zangu za siku ile sikuwa nimeizima, ikaendelea kurekodi chini ya kanga mpaka betri ikaisha.

Nilianzia pale ilipofunikwa, kioo kikawa cheusi tii. Ngoma zikaanza, kila pigo mahali pake, na sauti ya mjomba peke yake, nyembamba kidogo, ikiimba magoti.

"Baba, mbona hakuna kitu?" mkubwa wao aliuliza, akainuka kuangalia waya.

"Kaa," mjomba alisema. Alikuwa ameinua kidole, shingo imenyooka, anasikiliza. Kwenye kile cheusi mtu alicheka, kisha wengine, kisha vikaanza vishindo vya miguu, mwanzo michache, kisha mingi, inakaribia.

"Sikilizeni," aliwaambia wanawe. "Hao wanakuja."