Shimo Tulilolifukia

Daktari alichora moyo wa mwanangu kwa kalamu ya bluu. Tulikuwa tumesafiri mbali na Mpanda kumfuata, kwa sababu kipimo cha kwetu kiliona kasoro na hakuna aliyeweza kutueleza ni kasoro gani. Mishipa miwili mikubwa imebadilishana mahali, alisema, na hapa katikati pana tundu.

"Tundu si adui, mama. Ndilo litakalomshikilia mpaka tumpasue. Ila azaliwe hapa hapa. Usingoje uchungu ukukute kwenu."

Mimi nilibeba kila neno kama yai. Mume wangu alibeba moja tu: tundu.

Nyumbani Mpanda, mtaa wa Misunkumilo, mama yake alikuwa ameshafika kutoka Mpimbwe kumsubiri mjukuu. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nani kachimba shimo hapa?"

Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba. Choo cha zamani kilikuwa kinajaa, na mume wangu alikuwa akichimba kipya kila Jumamosi, kwa mikono yake, huku akijisifu. Mkwe wangu alisimama ukingoni akashika kichwa. Kwao, mwanamume mwenye mke mjamzito hachimbi shimo.

"Mmemtoboa wenyewe," alisema. "Fukia."

"Mama, daktari kasema hilo tundu ndilo linamsaidia," nilimwambia.

"Daktari kazaa wangapi?"

Mume wangu ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka anauchora moyo ubaoni, na mwanafunzi akikosea upande wa kushoto anachekwa na darasa zima. Mtu huyo alivua shati, akashika koleo, akalifukia shimo lake mwenyewe. Mkwe wangu aliokota mawe na mizizi, akitaka udongo mtupu, maana jiwe moja lingeacha ufa. Aliniwekea udongo kiganjani nitupe wa kwanza. Nilikataa, akanifumbua vidole kimoja kimoja mpaka ukaanguka.

Kuanzia hapo nikawa naenda choo cha jirani, na tumbo mbele, huku mkwe wangu akitangaza kwamba moyo umeziba. Wanawake wa jumuiya walikuja wakapigia vigelegele tumbo langu. Niliwachukia wote, na soda nikawapa.

Kila nilipotaja safari, mume wangu aliangalia pembeni. "Mama kashamaliza ile kazi. Tusimkufuru Mungu."

"Ulisoma wapi wewe?" nilimuuliza. Msomi akiogopa mama yake, vyeti vyake ni vya kufungia maandazi.

Nilikuwa nimechana khanga zangu kuukuu za nepi, zile zilizolainika kwa kufuliwa, nikazitia kwenye begi pamoja na kofia na soksi. Niliweka begi mlangoni. Mkwe wangu akalirudisha uvunguni. "Mtoto mzima hapelekwi kuchanwa." Nikalitoa, akalirudisha. Tuliishi hivyo, tukisalimiana vizuri kila asubuhi.

Jumapili moja walipokwenda kanisani niliita bajaji, nikaenda stesheni na begi langu. Nilidhani nimewashinda. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mabehewa ya treni bado hayajapangwa, maji yalipomwagika miguuni mwangu. Wanawake nisiowajua walinizungushia khanga zao, wakanipakia kwenye bajaji ile ile kwenda hospitali.

Kwa hiyo alizaliwa Mpanda. Msichana, mwenye nywele nyingi. Alilia vizuri, hata nikafikiri labda daktari alikosea. Kisha midomo ikaanza kuwa ya bluu, halafu kucha. Manesi walihangaika naye na oksijeni, wakapiga simu huku na huku kuomba gari. Gari halikuwahi.

Mkwe wangu aliinama kitandani, akaninong'oneza kwa upole kabisa, "Unaona sasa? Ungetulia nyumbani, tundu lisingefunguka."

Kwao kichanga huzikwa na wanawake, bila turubai wala vilio, na wanaume hawasogei. Mume wangu alijifungia ndani. Mimi nilikaa kizingitini pa jiko, maziwa yakilowesha blauzi, mtoto mapajani ndani ya zile khanga za nepi. Kilikuwa kiangazi. Mkwe wangu alijaribu jembe karibu na migomba, likadunda. Akajaribu kando ya ua, likadunda. Akasimama, akatazama huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja pale tulipofukia.

"Hapa pamelainika," alisema.

Alipandisha jembe, halafu akasita, akanitazama. Nadhani ndipo alipokumbuka. Nilikuwa nimengoja hicho kitu tangu siku ya koleo, na nilisema kwa sauti ili mwanawe asikie huko ndani.

"Chimba tu, mama. Sasa hivi hapa hakuna mwenye mimba."