Mafuta Kwenye Jiwe Safi

Kazini walimwita Mama Usiguse, na jina likamganda. Ukipita tu karibu na meza yake, utasikia: "Usiguse!" Hata nyumbani, mumewe alikuwa akiomba ruhusa kufungua kabati la vyombo.

Msimlaumu. Alikuwa fundi wa mashine ya kupelekwa angani kutafuta mabaki ya uhai. Leza inapiga jiwe, chembe zinaruka, mashine inazipima uzito na kusema ni za kitu gani. Miaka nenda rudi ameilea kama mwanawe. Lilibaki jaribio moja: kupiga jiwe lililochomwa kwenye tanuri hadi kila uchafu ukaisha. Mashine isipoona kitu, safari ipo. Ikiona, basi yenyewe ni chafu ndani, na haiendi popote.

Ikaona. Mafuta, tena mengi!

Mkuu wa maabara, mzee mpole, akavuta kiti akakaa naye. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mama Usiguse akakodolea kompyuta macho, akisukuma miwani kwa kidole kama kawaida yake.

"Hebu rudia hiyo," mzee akasema.

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya miwani. Asubuhi ulipokuwa unapanga jiwe, ulifanya hivyo?"

Lo! Alifanya, tena na glavu mkononi. Na asubuhi hiyohiyo binti yake alikuwa amempaka mafuta ya nywele mpaka paji la uso likang'aa.

Wakachukua jiwe lingine la tanuri lile lile. Mara hii alilipanga mzee, kwa koleo, Mama Usiguse kasimama kando, mikono nyuma kama mwizi aliyefumaniwa. Leza ikapiga. Hakuna kitu! Wakapiga kipande cha bati kilichopanguswa kwenye miwani yake: mafuta yale yale.

"Mashine yangu ni nzima!" akapiga kelele, anacheka huku machozi yanamtoka. "Mchafu ni mimi!"

"Mganga hajigangi," mzee akamtania, naye akajifuta jasho. Kumbe na yeye roho ilikuwa juu.

Jioni akamsimulia mumewe kila kitu. Mume akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliyegusa ni wewe?"

"Ni mimi, baba watoto."

Mume akainuka, akafungua kabati la vyombo bila kuomba ruhusa, akatoa glasi mbili zile za wageni. Mama Usiguse akamtazama tu, moyo mweupe, wala hakusema "Usiguse!"